Kituo cha bustani cha kilimo hai Mtwara: udongo wa viriba, maji ya chumvi, na kipi kiuzwe kwanza

Mchicha_Mikindani

Wakuu, habari za majukumu.

Kikundi chetu kina robo eka upande wa Mikindani. Tunataka pawe kituo cha bustani cha kilimo hai: miche ya mboga na matunda, mboji ya kuuza kwa debe, meza ya kubadilishana mbegu za asili, na Jumamosi watu waje kujifunza na kubishana kuhusu nyanya zao.

Hali ya eneo ni hivi. Nusu ya juu ni mchanga mwekundu, maji yanapita kama kwenye chujio. Nusu ya chini, upande wa bahari, udongo ni mweupe na una vipande vya mawe ya matumbawe. Kisima kipo, ila mvua zikishakatika chumvi inasikika ulimini. Mpakani kuna mikorosho ya jirani inayopulizwa dawa kila msimu.

Maswali:
- Mchanganyiko gani wa viriba (mifuko ya nailoni ya kuoteshea miche) unashika maji bila kuagiza pitimosi, ile mboji laini ya dukani, Dar?
- Samadi inayopatikana kwa wingi ni ya kuku wa kisasa. Inafaa?
- Maji haya yatatoa miche kweli?
- Tuanze kuuza nini? Wenzangu wengine wanataka tuanze na dawa za asili za chupa, maana ndizo zinazoulizwa sana.

Fundi_Kitalu_Lindi

Pitimosi sahau. Ukanda wetu una makumbi ya nazi, na vumbi lake linashika maji vizuri tu. Tatizo lake ni chumvi. Kumbi zilizofukiwa pwani ili zitoe usumba wa kamba zimeloweshwa maji ya bahari kwa miezi, kwa hiyo usizitumie kabla ya kuziosha. Hata za nchi kavu zioshe. Twanga au chambua, loweka kwenye pipa la maji baridi (yasiyo na chumvi) kwa saa 24, mwaga, rudia mara tatu. Maji ya mwisho yakiwa bado na rangi ya chai nzito au ladha ya chumvi, endelea.

Kwa mchanga kama wako mchanganyiko ni huu, kwa madebe:

- Mchanga mwekundu wa juu: 2
- Udongo wa kichuguu kilichohamwa na mchwa: 1
- Mboji iliyoiva: 2
- Vumbi la makumbi lililooshwa: 1

Vitabu vingi vinasema uongeze mchanga. Hiyo ni kwa watu wa udongo mzito. Hapa unachokosa ni udongo wa mfinyanzi, ndiyo maana kichuguu kinaingia. Kiponde, kipitishe kwenye wavu wa matundu ya sentimita 1, na usizidishe kipimo hicho, la sivyo kiriba kikikauka kinakuwa tofali na maji yanateleza pembeni bila kufika kwenye mizizi.

Madebe hayo sita yakichanganywa hayabaki sita, kwa sababu chembe ndogo zinaingia katikati ya kubwa. Utajaza viriba 240 hivi vya inchi 4 kwa 6, ambavyo ni vya mboga. Vya inchi 6 kwa 9, vya mipapai na miti ya matunda, ni kama 70. Toboa matundu ya chini, na mengine manne pembeni karibu na kitako. Kiriba kisichotoa maji kinaozesha mizizi hata kama udongo ni mzuri.

Kipimo kimoja cha haraka: loanisha udongo, ukamate konzi, ukandamize. Ukifungua kiganja ushikamane, na ukiugusa kwa kidole uvunjike. Ukimwagika wenyewe ongeza mboji. Ukibaki donge, punguza kichuguu.

Mboji ndiyo moyo wa kituo, na ndiyo itakayokuletea pesa kabla ya miche. Biwi, yaani lundo la kuozeshea, liwe mita 1.5 kwa 1.5, kimo mita 1.2. Likiwa dogo halipati joto, likiwa kubwa mno katikati linakosa hewa na kunuka. Weka sehemu mbili hadi tatu za vikavu (mabua, maganda ya karanga, majani ya korosho) kwa sehemu moja ya vibichi (samadi, majani ya mti wa grilisidia, mlonge, mabaki ya sokoni). Majani ya korosho ni magumu kama ngozi. Yakate kwa panga na kuyalowesha usiku kucha, vinginevyo utayakuta vilevile baada ya miezi mitatu. Chomeka fito katikati ya biwi. Baada ya wiki ichomoe na uiguse: iwe ya moto kiasi cha kushindwa kuishika. Geuza kila joto likianza kushuka, takriban kila siku 7 hadi 10, na hakikisha yaliyokuwa nje yanaingia ndani. Wiki 10 hadi 12 imeiva. Biwi hilo likiisha kunywea litakupa madebe 50 na ushee.

Viwili vya kuangalia, kwa kuwa mpo Mtwara. Mabibo ni mazuri kwa biwi lakini yana sukari na uchachu mwingi. Yakizidi robo ya vibichi, biwi linachacha, linaleta nzi na kunuka hadi kwa jirani. Maganda magumu ya korosho usiweke kabisa. Yale mafuta yake yanaunguza mikono na kuzuia vijidudu vya kuozesha.

Mtoto_wa_Ndanda

Samadi ya kuku iko vizuri wakuu, ina nguvu kuliko ya ng'ombe. Weka moja kwa moja kwenye viriba, kiganja kimoja kila kiriba, miche inakuwa myeusi kwa ubichi.

Fundi_Kitalu_Lindi

Hapana mdogo wangu, hiyo ndiyo njia ya kuua trei nzima. Samadi mbichi ya kuku inatoa amonia, unaisikia puani, na ina chumvi yake yenyewe. Kwenye mchanga unaomwagiliwa maji ya chumvi hapo unajumlisha mawili. Dalili ni ncha za majani kuungua na mizizi kuwa ya kahawia. Ipite kwenye biwi kwanza: debe 1 la samadi ya kuku yenye maranda kwa madebe 5 ya vikavu. Na kwa kuwa kituo kinajiita cha kilimo hai, mkiwa na nia ya kupata cheti baadaye, andikeni samadi imetoka wapi na kuku wanalishwa na kutibiwa na nini. Ya mifugo inayofugwa kwa msongamano mkubwa huleta maswali kwa wakaguzi.

Kabla ya kuuza au kutumia mboji yoyote, jaza vikopo vitatu na upande mbegu 10 za kunde katika kila kimoja. Zikiota chini ya 8, haijaiva. Zikiota lakini majani mapya yakajikunja kama kikombe, ndani kuna dawa ya magugu iliyotoka kwenye nyasi au mabua. Hiyo usiiuze kwa mtu wa bustani, kwa sababu nyanya na maharage yatafanya vilevile. Kipimo hiki kinachukua siku 14 na hakina gharama.

Bwana_Shamba_Mstaafu

Nianze na eneo lenyewe, maana mwenye swali amelitaja kisha akalipita.

Udongo mweupe wa upande wa bahari una chokaa ya matumbawe. Dondoshea siki au maji ya limau. Ukitoa povu, usiuingize kwenye viriba. Kwenye chokaa nyingi madini ya chuma yapo lakini mmea hauwezi kuyachukua: majani machanga yanakuwa njano huku mishipa ikibaki kijani. Watu wanadhani ni njaa ya mbolea, wanaongeza samadi, na haibadiliki kitu. Sehemu hiyo jengeni ofisi, stoo ya vifaa na mabiwi. Kama lazima mpande, kuna minazi, mistafeli na mlonge. Bustani za mfano ziwe kwenye mchanga mwekundu.

Kwenye mchanga huo msiinue matuta wakati wa kiangazi. Tuta la kuinuka linakaushwa na upepo wa kusi pande zote. Chimbeni majaruba: mita 1 kwa 5, yazame sentimita 10 hadi 15 chini ya usawa wa njia, changanyeni madebe 2 ya mboji kwa kila mita ya mraba mara ya kwanza, kisha matandazo ya sentimita 5. Mvua zikianza Novemba au Desemba, fanyeni kinyume, inueni, kwa sababu jaruba litageuka dimbwi.

Maji: ulimi si kipimo. Nunueni au muazime kipima EC, kinachoonyesha wingi wa chumvi kwenye maji. Chini ya 0.7 dS/m (kizio cha kipima hicho) hakuna shaka. Kati ya 0.7 na 3 yanatumika kwa uangalifu. Zaidi ya 3 msimwagilie miche. Maharage, karoti, vitunguu na bilinganya ni nyepesi kuumia. Nyanya inavumilia zaidi, mchicha na biti zaidi ya hapo. Chumvi inajikusanya ndani ya kiriba kila maji yanapokauka, kwa hiyo kumwagilia kidogo kidogo mara tano kwa siku ndiko kunakoharibu. Mwagilieni asubuhi hadi maji yatoke chini, ili yabebe chumvi.

Na sasa jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote: minyoo fundo, vijinyoo vya udongoni vinavyovimbisha mizizi. Mchanga wa pwani ni nyumba yao. Kitalu kikishaambukizwa, kila mche unaouzwa unapeleka minyoo kwenye bustani ya mteja, na haitoki tena kirahisi. Kituo cha jamii kinaweza kuusambaza mji mzima kwa msimu mmoja. Kwa hiyo:

Viriba visikae chini kamwe. Viwe kwenye chanja la mianzi au mbao, kimo cha sentimita 80. Udongo wa kujazia uuanike kabla. Utandaze unene wa sentimita 15 hadi 20 juu ya turubai, uuloweshe, uufunike kwa nailoni angavu (si nyeusi) na uizibe kingo kwa mchanga, wiki 4 hadi 6. Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya kufanya kazi hiyo huku kwetu, jua linawaka. Mboji ichanganywe baada ya kuanika, si kabla, ili vijidudu vyake vibaki hai.

Kisha katika kila miche 100 ng'oa mmoja, osha mizizi, angalia. Vifundo vya minyoo vimevimba ndani ya mzizi wenyewe, havibanduki. Kwenye kunde na karanga kuna vifundo vingine vya kutengeneza naitrojeni, hivyo vinabanduka kwa ukucha na vikikatwa ndani ni vyekundu. Msitupe mimea mizuri kwa kuvichanganya. Mkikuta vya minyoo, kundi zima la miche lisiuzwe. Maua ya marigold yanasaidia, lakini yapandwe kwa kujaza jaruba zima miezi miwili hadi mitatu kisha yachimbiwe chini. Maua mawili pembeni ni pambo tu.

Kuhusu mikorosho ya jirani, salfa ya unga ni madini na kilimo hai kinairuhusu, ila dawa za maji za ubwiriunga (ukungu mweupe wa mikorosho) nyingi ni za viwandani na haziruhusiwi. Zinapulizwa kati ya Juni na Septemba, miezi ileile ya mboga nzuri. Pandeni ukingo mzito wa grilisidia au kisamvu cha mpira, chanja la miche liwe mbali na mpaka, na ombeni jirani awape taarifa siku ya kupuliza mfunike. Angalizo kwa wanaotumia mafuta ya mwarobaini: yasipulizwe kwenye mmea uliopata salfa ndani ya wiki mbili, majani yataungua. Matango na maboga yanaungua kwa salfa peke yake jua likiwa kali.

Mama_Kisamvu

Shikamoo Bwana Shamba. Mwanangu Mchicha, mimi niongelee biashara, maana udongo wameumaliza.

Mteja wa Mtwara ana pesa korosho zikishauzwa, Oktoba hadi Desemba, na mvua zinakuja hapohapo. Huo ndio wakati wa mipapai, mistafeli, milimao, miembe ya kubebesha na mikorosho. Mikorosho msioteshe mbegu za kuokota, ulizeni mbegu bora TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo. Mboga wakati wake ni Aprili hadi Agosti, hali ya hewa ikiwa baridi kidogo. Nyanya sieni kuanzia mwishoni mwa Aprili ili zipandwe Juni. Ukimuuzia mtu mche wa nyanya Januari, mvua na ukungu vitauua, naye atasema kituo kina miche mibaya. Wakati wa mvua muuzie bamia, marando ya matembele, kunde za majani.

Mpapai usieleze nusu. Mwambie mteja apande miche mitatu shimo moja, ikitoa maua aache jike, na katika majike 10 hadi 20 abakize dume moja. Aliyenunua mche mmoja akakuta ni dume hatarudi kwenu.

Miche mingi inafia kwa mteja kwa sababu imetoka kivulini moja kwa moja. Siku 7 hadi 10 kabla ya kuuza, toeni makuti au neti kidogo kidogo na punguzeni maji, shina likomae. Mche mrefu, laini, wa kijani kibichi mno unavutia macho, lakini unalala siku ya kwanza. Nyanya iuzwe ina wiki 4 hadi 5, bilinganya 5 hadi 6, pilipili hoho 6 hadi 8. Iliyopitiliza mizizi imezunguka kitako. Hiyo ivunjwe iende kwenye biwi, msiuze kwa bei ya huruma.

Kila trei iwe na kibao: aina, tarehe ya kusia, mbegu ilikotoka. Mchicha na karoti msiweke kwenye trei kabisa, vinasiwa palepale shambani. Anayewauzia watu miche ya karoti anawaibia, mizizi inatoka imegawanyika.

Kwa wanachama, viriba na trei ziwe na amana inayorudishwa, la sivyo kila wiki mnanunua upya. Meza ya mbegu iwe na sharti: mbegu kavu, ndani ya karatasi, jina na mwaka wa kuvunwa. Mbegu za maboga, matango na mahindi zinachanganyikana shambani, kwa hiyo anayeleta aseme kama jirani yake alipanda aina nyingine. Nyanya, kunde na bamia ni rahisi zaidi kuzitunza zikabaki zilezile, ingawa bamia nayo nyuki huichanganya. Kubadilishana wenyewe kwa wenyewe ni jambo moja, kuuza pakiti ni jingine. Hapo muanzie TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu.

Mchicha_Mikindani

Asanteni sana, Bwana Shamba, Mama na Fundi. Tumeazima kipima: kisima kinasoma 1.6. Udongo mweupe umetoa povu jingi kwa limau. Bado la dawa za chupa, na je, tunaruhusiwa kuandika "kilimo hai" kwenye bango? Tuna bati la mita za mraba 40, tutavuna mvua.

Bwana_Shamba_Mstaafu

1.6 si mbaya. Changanyeni nusu kwa nusu na maji ya mvua, mtakuwa karibu na 0.8. Bati la mita 40, mvua ya milimita 20, ukitoa asilimia 20 ya yanayopotea, mnapata lita 640. Viriba 2,000 vidogo vinakunywa kama lita 160 kwa siku, nusu yake ya mvua ni lita 80. Simtanki la lita 5,000 litaisha kwa miezi miwili na kiangazi chetu ni kirefu kuliko hapo. Kwa hiyo maji ya mvua yasiyochanganywa yawe ya kuotesha mbegu na wiki tatu za mwanzo tu, mche ukiwa mchanga ndipo unapoumia zaidi. Baada ya hapo mchanganyiko, na wiki ya kukomaza tumieni kisima peke yake, ili mche usishtuke kwa mteja mwenye kisima kama chenu.

Dawa za chupa acheni. Kiuatilifu chochote kinachouzwa, hata cha majani, kinatakiwa kisajiliwe TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Mbolea nayo ina mamlaka yake, TFRA, waulizeni kabla ya kuchapisha mifuko ya mboji yenye nembo. Isitoshe dawa ya mwarobaini ikikaa kwenye chupa inapoteza nguvu. Uzeni mbegu za mwarobaini zilizokaushwa kivulini, na Jumamosi wafundisheni kutengeneza: gramu 50 za kiini kilichotwangwa kwa lita 1 ya maji, kwa hiyo bomba la lita 16 ni gramu 800. Loweka usiku mmoja, chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni kidogo ya kipande ili ishike jani, pulizia jioni kwa kuwa jua linaivunja, maliza siku hiyohiyo. Inasumbua vidukari na viwavi wadogo. Kwa kanitangaze (kiwavi wa nyanya) aliyekwisha kuingia ndani ya jani inachelewa, huyo muanze kwa kuchuma majani yenye michoro na kuyafukia, na mtego wa harufu.

Bango: kusema mnafundisha kilimo hai hakuna ubaya. Nembo ya Kilimohai ndiyo msiiguse bila uthibitisho. Inafuata kiwango cha Afrika Mashariki kilichopitishwa kwanza 2007. Kwa kikundi kidogo njia nafuu ni ukaguzi shirikishi, wanachama wanatembeleana mashambani na kujaza fomu, na wa kuwaongoza ni TOAM, shirika linalounganisha wadau wa kilimo hai Tanzania. Anzeni daftari leo: kila gunia la samadi, kila mbegu, kila kilichopulizwa, tarehe na aliyefanya.

Fundi_Kitalu_Lindi

Naongeza bei, maana hapo vikundi vingi vinapotea. Jumlisheni kiriba, udongo, mbegu, maji na saa za mtu anayemwagilia, kisha mgawe kwa miche itakayouzwa, si iliyosiwa. Wekeni hasara ya robo. Mkisia 1,000, hesabuni 750. Kinyausi, ukungu unaoangusha miche michanga, peke yake kinaweza kuchukua sehemu kubwa ya hiyo mkisia kwa kubana: mistari iachane sentimita 10, mbegu ya nyanya isizidi sentimita 1 kwenda chini, na siku za mawingu msimwagilie jioni.

Mtoto_wa_Ndanda

Nimekubali kuhusu samadi ya kuku. Mwani unaosukumwa ufukweni je, unafaa kwenye biwi?

Fundi_Kitalu_Lindi

Unafaa. Uache unyeshewe au usuuze kwa maji baridi mara mbili, usizidi sehemu moja kwa kumi ya biwi, na uchanganye na vikavu kwa kuwa unashikamana na kuziba hewa. Ukiwa upande wa Msimbati au Msangamkuu, waulize kwanza watu wa Hifadhi ya Bahari kabla ya kubeba magunia.